Nyuki wa Mikokoni

Mtu wa bara akitajiwa nyuki hukumbuka asali na mwiba. Akitajiwa kinamasi hukumbuka mbu, matope na ng'ombe aliyezama. Kuviweka viwili hivi pamoja, nyuki na kinamasi, ni jambo lisilomwingia akilini upesi. Wala mimi sijioni bora kuliko wengine, maana halikuniingia mpaka Desemba iliyopita, nilipofunga safari kwenda Gazi, katika pwani ya kusini ya Kenya, kumwamkia mzee mmoja ambaye ni mkwe wa rafiki yangu wa ofisini.

Sababu ya safari nitaieleza kwa kifupi. Kwetu ni karibu na Kitale, na marehemu baba yetu alituachia shamba ambalo upande wake wa chini ni bonde lenye maji mwaka mzima. Ndugu zangu wawili walitaka kuchimba mifereji maji yatoke, kisha wapande kabichi mbele na mikaratusi nyuma. Karatasi ya mapatano ilikuwa imekwisha kuandikwa na kuletwa kwangu niitie sahihi. Nilikaa nayo wiki nzima katika mtoto wa meza. Rafiki yangu aliponiona nikiitoa na kuirudisha mara kwa mara akasema, "Kabla hujatia kalamu, nenda ukamwone baba mkwe wangu. Yule ni mtu aliyelishwa na tope tangu utoto wake." Nilikuwa na likizo ya siku kumi, nikaenda.

Nilivuka kivuko cha Likoni saa moja ya asubuhi, nikapanda gari la abiria liendalo Msambweni. Njia ni ya lami, minazi huku na huku. Ukipita Ukunda na kelele zake za wageni wa mahoteli, nchi hutulia. Baada ya kilomita 50 hivi kutoka Mombasa kuna njia ya mchanga upande wa kushoto, nayo ndiyo iendayo Gazi. Mji wenyewe ni mdogo, lakini jina lake si dogo katika historia, kwa kuwa hapa palikuwa makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, hata akashindwa na kuvuka mpaka kwenda kwa Wajerumani. Siku hizi Gazi hujulikana kwa jambo jingine kabisa, nalo ni mikoko. Tangu mwaka 2013 wenyeji wa Gazi na jirani zao wa Makongeni wamekuwa wakiuza, si miti, bali ile hewa ya ukaa ambayo miti huivuta na kuifungia matopeni. Hekta 117 za msitu ziliwekwa katika mpango huo, uitwao Mikoko Pamoja, na fedha zake zimesaidia kuleta maji ya bomba na vitu vya shule. Mtu akisikia mara ya kwanza hucheka, kama nilivyocheka mimi. Kuuza hewa! Lakini maji ya bomba niliyanywa.

Nilibisha hodi kwa mzee yapata saa nne.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako. Habari za bara?"

Nikapewa dafu kabla sijaulizwa nililojia, kama ilivyo desturi ya huko. Mzee ni mtu mwembamba, wa miaka sabini na kitu, na viganja vyake vina makovu ya shoka, maana katika ujana wake alikuwa mkata boriti. Alinitajia madaraja ya miti kama mimi nitajavyo majalada ya ofisini: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila moja kwa unene wake. Hapo zamani majahazi yalichukua boriti za pwani yetu, hasa za Lamu, mpaka Uarabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Biashara hiyo ya ng'ambo ilipigwa marufuku mwaka 1982. Na katika Gazi yenyewe, miaka ya 1970, miti mingi ilikatwa iwe kuni za kuchomea chokaa na matofali, hata mahali pengine pakabaki peupe, hapana kitu ila tope na chumvi.

"Nilikata kwa mikono hii," akasema, akaigeuza niione. "Na wataalamu walipoanza kupanda tena, miaka ya 1990, nilipanda kwa mikono hii hii. Kukata ni kazi ya siku moja."

Tulingoja maji yapwe, tukashuka. Nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi. Mzee alivitazama, hakusema neno, akanipa ndara za mpira za mjukuu wake. Baada ya hatua ishirini nilielewa.

Katika Kenya kuna aina tisa za miti ya mikokoni, na kosa la watu wa bara ni kuziita zote mkoko. Mzee hakuniachia kosa hilo hata mara moja. Mkoko wenyewe ni ule wenye mizizi kama miguu ya buibui. Mlilana husimama mbele kabisa, maji yakimpiga kifuani. Kuna muia, kuna mkandaa wenye gome la kutia rangi, kuna mkomafi wenye tunda kama mpira wa watoto, na wengineo. Nikamwuliza kama nyuki hufanya kazi katika miti hii yote. Nilitazamia atasema ndiyo, kwa kuwa mfugaji hukisifu akifugacho. Akatikisa kichwa.

"Kila mti una mshenga wake. Mkoko mshenga wake ni upepo. Nyuki huja pale akachukua unga wake, lakini hata asipokuja mti hauna shida. Muia hungoja ndege, yule chozi, akitia mdomo wake ua linapasuka na kumpaka usoni. Mlilana hufungua maua yake jua likichwa, nao popo na nondo wakubwa huja kunywa. Mkandaa nao una nondo wake wadogo. Sasa njoo huku nikuonyeshe mti wa nyuki."

Baadaye, niliporudi kazini, nilitafuta katika vitabu vya elimu ya mimea yale aliyoniambia, nikayakuta yameandikwa vivyo hivyo, ila kwa maneno marefu zaidi.

Mti wa nyuki ni mchu. Ni mti wa ajabu, maana husimama pande mbili za msitu: wako michu ya upande wa bahari, mirefu, na wako michu ya upande wa nchi kavu, mifupi na iliyopindapinda, hali katikati ni nchi ya mkoko na mkandaa. Mizizi yake hutokeza juu ya tope wima kama penseli elfu, ipate kuvuta pumzi. Majani yake hutoa chumvi; mzee aliniambia nilambe moja, nikalamba, na kweli lilikuwa kama mchuzi uliozidi chumvi.

Nilisikia mvumo kabla sijaona kitu. Kisha harufu ikanijia, tamu, kama asali iliyopashwa moto kidogo. Ua la mchu ni dogo kuliko kifungo cha shati, la rangi ya manjano iliyoiva, nayo hukaa kwa vichala kwenye ncha za matawi. Mtu anaweza kupita mwaka baada ya mwaka asiyaone. Lakini nyuki walikuwa wameyaona. Katika tawi moja nilihesabu kumi na saba, kisha nikachoka kuhesabu. Miguu yao ya nyuma ilikuwa imebeba vifurushi vya vumbi la maua, ambalo vitabu vya shule siku hizi huliita chavua.

Sasa nitaeleza kazi yenyewe, maana hapa ndipo penye kiini cha habari. Ua la mchu lina upande wa kiume na upande wa kike ndani yake, lakini haviamki pamoja. Kwanza huamka ule wa kiume, likatoa chavua. Baadaye, ile ya kwanza ikiisha kunyauka, ndipo upande wa kike unapokuwa tayari kupokea. Kwa hiyo ua moja haliwezi kujioa lenyewe kwa urahisi. Lazima awepo wa kuchukua chavua ya ua lililo changa na kuipeleka katika ua lililokomaa, na heri likiwa la mti mwingine, kwa kuwa mbegu ya wazazi wawili huwa na nguvu kuliko ile ya mti uliojizalisha wenyewe. Chavua yake si ya kupeperushwa mbali na upepo. Wapo nzi na nyigu na wadudu wengine wanaozuru maua hayo, lakini mchukuzi mkubwa ni nyuki wa asali. Wataalamu wa Australia walioichunguza michu ya mahori karibu na Sydney, na kuandika habari zao mwaka 2014, waliona kwamba huko nyuki wa asali ndiye aliyekuwa akifanya karibu kazi yote. Na jambo la kuchekesha ni kwamba nyuki huyo si mwenyeji wa Australia hata kidogo, bali alipelekwa na wazungu katika mizinga. Sisi ambao nyuki ni wetu tangu dunia iumbwe tunawachoma moto.

Ua likiisha kupata chavua huzaa tunda la kijani lenye umbo kama la mlozi. Mbegu ya mchu haingoji kuanguka ndipo iote. Huanza kuota ingali ndani ya ganda lake juu mtini. Mzee alisema nyingi huanguka wakati wa masika, maji ya mto yakiwa mengi. Huelea, hupigwa huku na huku, ganda hutoka, na mahali itakapokwama hushika kwa mizizi katika siku chache. Ndiyo sababu mchu huwa miongoni mwa miti inayotangulia kushika tope jipya ambalo halijawa nchi wala bahari. Tope likishikwa, miti mingine huja nyuma. Majani huanguka, kaa huyavuta mashimoni mwao, na kati ya mizizi ile hujificha vitoto vya kamba na samaki mpaka wapate nguvu za kwenda baharini.

Nikamwambia mzee, "Kwa hiyo mvuvi anayemfukuza nyuki anajifukuzia samaki."

Akacheka. "Usiende mbio hivyo, mwanangu. Nyuki wakitoka leo, kesho utapata samaki. Na kesho kutwa utapata. Ni mtoto wako atakayeuliza."

Jibu hilo nimelifikiri sana, kwa sababu sisi watu wa ofisi tumezoea hesabu inayofungwa mwisho wa mwaka. Kenya ina hekta zipatazo 61,000 za misitu ya mikoko, na zaidi ya nusu ziko Lamu. Watu waliopima kwa picha za kutoka angani wamesema kwamba kati ya mwaka 1985 na 2010 tulipoteza karibu asilimia 18. Nyingine zilikatwa, nyingine zilikufa kwa mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998, yaliyoleta udongo mwingi kutoka mashambani ukaifunika mizizi na kuinyima pumzi, kama ilivyotukia katika hori la Mwache karibu na Mombasa. Mahali pengi watu wamepanda tena, na kazi hiyo ni ya kusifiwa. Lakini mtu hupanda pale anapofika kwa miguu. Mbegu iliyoelea hufika pasipofikika, wala haidai mshahara.

Mizinga ya mzee ilikuwa kumi na mmoja, mingine ya magogo ya kizamani, mingine ya masanduku yenye pau juu, ambazo masega hujengwa kuning'inia. Namna hii ya pili ilitengenezwa humu nchini katika miaka ya 1970 kwa msaada wa wataalamu wa Kanada, nayo imeenea Afrika nzima ikiitwa kwa jina la Kenya. Yote ilitundikwa kwa waya katika michu ya upande wa nchi kavu, na kila waya umepakwa girisi kwa ajili ya maji moto, yaani wale chungu wekundu wakali wanaoshona majani, ambao wakiingia mzingani usiku, asubuhi hukuti kitu. Nyegere hasumbui sana huko. Mzee husema hapendi kulowa miguu. Tabu yake kubwa ni maji. Mtu angedhani kiumbe akaaye kando ya bahari hawezi kukosa maji, lakini maji ya chumvi si ya kukatia kiu, na mwezi wa Februari, mito ikipungua, nyuki wa pwani ni wepesi wa kuhama. Kwa hiyo mzee hupanga vifuu vya nazi chini ya mti, hutia maji ya bomba na vijiwe vya kutua wasizame. Mjukuu wake wa kike, mwanafunzi wa darasa la sita, ndiye mwenye zamu ya vifuu.

Nilionja asali yao. Ina rangi ya kahawia nyepesi, na mwisho wake ulimini kuna chumvi kidogo sana, au labda ni mimi nilikuwa na chumvi ya lile jani bado.

Nyuki hao hawashindi mikokoni tu. Nyuki huweza kuruka kilomita mbili au tatu kutafuta chakula, na zaidi akilazimika. Mchu ukiwa hauna maua huenda minazini, ambako ua halikosekani mwaka mzima, na miembeni, na mikanju, na katika mashamba ya matikiti ya watu wa nyuma ya mji. Mkulima wa matikiti anayesoma habari hii ajue kwamba mmea wake una maua ya kiume mbali na maua ya kike mbali, nayo hufunguka asubuhi moja tu. Lisipofikiwa na nyuki siku hiyo hunyauka, au huzaa tikiti lililopinda upande mmoja. Mwaka juzi jirani mmoja wa mzee alipiga dawa ya wadudu saa mbili za asubuhi, maua yakiwa wazi. Mizinga mitatu ilikufa. Mzee alichukua nyuki waliokufa katika ungo, akaenda nao barazani kwa jirani, akaweka chini, akaketi. Hawakugombana. Tangu siku ile jirani hupiga dawa yake baada ya alasiri, na mzee humpelekea chupa mbili za asali kila mavuno, ingawa kwa haki ilimpasa yule ndiye alete kitu. Nilimwambia hivyo. Akasema ujirani haupimwi kwa mizani ya dukani.

Tulipokuwa tukirudi, maji yakianza kujaa, mzee alisimama ghafla. Mbele yetu mchu mkubwa ulikuwa umelala. Ulikuwa mzee kuliko yote niliyoiona siku ile, na ndani una mvungu, na mvungu huo umeungua mweusi. Mtu alikuja usiku, akauangusha kwa shoka, akatia moto mvunguni, akachukua asali. Masega yenye watoto wa nyuki, yasiyo na faida kwake, aliyatupa topeni, na kaa walikuwa wakiyavuta kwa zamu. Nyuki waliosalia, labda konzi mbili hivi, walijikusanya katika kisiki bila kujua pa kwenda. Nadhani mtu yule hakupata asali ya kujaza debe moja.

Mzee aliinama akalitazama jeraha la mti kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu yake. Sikuona kitu ila vipande vya mti. Akainuka, akasema tu, "Twende, maji yanakuja."

Usiku, baada ya kula, kijana mmoja alikuja kutuamkia. Alikuwa mpwa wa mzee, mwana wa dada yake, kijana wa miaka ishirini hivi, mpole, asiye na kazi. Mzee akamwambia atuletee taa karibu. Akaileta kwa mkono wa kushoto, akalikoroga kaa la buhuri kwa mkono wa kushoto. Alipotoka, mzee aliniambia kwa sauti ndogo, "Mti ule umekatwa na mtu wa shoto. Mkato huanzia upande mwingine. Mimi nimekata miaka kumi na minane, siwezi kukosea."

Mimi ni mtumishi wa Serikali, wala siwezi kujifanya kwamba sikusikia. Mikoko yote ya Kenya ni msitu wa hifadhi tangu mwaka 1932, na kukata bila ruhusa ni kosa mbele ya sheria. Tena wasomaji wanaowajua Wadigo wanajua uzito wa mjomba kwa mpwa wake. Zamani mpwa ndiye aliyerithi, si mwana, na ingawa desturi hiyo imepungua sana, moyo wake haujatoka. Mzee akaniomba nimwandikie barua kwa viongozi wa chama cha msitu. Sheria ya misitu ya mwaka 2005, na ile ya 2016 iliyochukua mahali pake, zimewapa wenyeji nafasi ya kuunda vyama vya namna hiyo na kuushughulikia msitu pamoja na Serikali, na ufugaji wa nyuki ni moja ya kazi wanazoweza kuruhusiwa.

Nikatoa kalamu. Aliniambia niandike mahali mti ulipo, ukubwa wake, na siku ulipoonekana. Niandike kwamba mvungu wa mchu mzee ni nyumba ya nyuki ambayo mwanadamu hawezi kuijenga kwa miaka hamsini. Niandike kwamba vijana watano wa mji wako tayari kufundishwa kutunza mizinga, na kwamba yeye atatoa mizinga miwili ya kuanzia. Yote nikayaandika. Kisha nikafika pale ambapo barua ya namna hiyo haina budi kufika.

"Na aliyekata, Baba? Niandike jina gani?"

Akakaa kimya. Nje bahari ilikuwa imejaa, na kupitia dirishani tuliisikia ikigonga vyombo vya wavuvi.

"Andika langu," akasema. "Andika kwamba mti umekatwa na mtu wa nyumba yangu, na faini nitalipa mimi. Wakitaka kumjua, waje waniulize barazani."

Sikujua kama karani anaruhusiwa kuandika hivyo. Niliandika. Mzee akatia sahihi yake kwa herufi za Kiarabu, taratibu, akipuliza wino, na asubuhi akamwita mpwa wake, akampa barua ile mkononi aipeleke yeye mwenyewe, wala hakumwambia iliyo ndani. Kijana aliishika kwa mkono wa kushoto, akaitazama, akamtazama mjomba wake, akaenda.

Kabla sijaondoka, mzee aliniuliza swali moja tu juu ya shamba letu. "Hilo bonde lenu lina maua gani?" Nikamjibu lina matete na mafunjo. "Hayo ni ya upepo. Nimeuliza maua." Sikuwa na jibu. Mtu wa miaka thelathini na sita, niliyezaliwa hatua mia tatu kutoka bondeni pale, sikuwa na jibu.

Siku nne za likizo zilizobaki nilikwenda nazo Kitale. Januari ilikuwa imeanza, na kule kwetu ni wakati wa ukavu. Nyasi za malishoni zilikuwa zimegeuka majivu. Niliketi kando ya bonde asubuhi mbili mfululizo, jirani wakadhani nina msiba. Katika maji yaliyo wazi mlikuwa na mayungiyungi, na ndani ya kila moja nyuki akijipindua katika vumbi la manjano. Kandokando kulikuwa na majani yenye vishada vya maua ya rangi ya waridi ambayo tangu utotoni nilikuwa nikiyaita magugu. Kulikuwa na mizambarau ya porini miwili, mmoja umechanua. Na mahali ambapo tope ni laini, karibu na kijito, nyuki walikuwa wamejipanga kwa mamia wakinywa maji, kwa kuwa hapakuwa na maji mengine karibu. Nilijaribu kuwafuata kwa macho wakiondoka. Wengi walielekea juu, kwenye mizinga ya jirani yetu, mtu mwenye alizeti na maharagwe, ambaye hatukuwahi kumwuliza alizeti yake huzaa kwa kazi ya nani.

Ndugu yangu mkubwa alinikuta pale, na kamba ya kupimia ikiwa begani mwake. Nilimpa asali ya Gazi katika kifuniko cha chupa, akaonja, akasema ina chumvi. Nikamwambia habari za mchu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kabichi hailiwi kwa hadithi, jambo ambalo ni kweli, kwa maana ana watoto watatu katika shule ya upili na mimi sina mmoja. Tukapatana kwamba upande wa juu, ambao hukauka wenyewe kila mwaka, atalima, mikaratusi haitapandwa, na bonde lenyewe lingoje mpaka masika yapite, tukae tena sote watatu. Karatasi ile ya kwanza bado ninayo katika mtoto wa meza, haina sahihi yangu.